Kuchunguza Udongo na Miamba kwa Ajili ya Misingi ya Barabara na Madaraja: Mwongozo Kamili

Ardhi ya Tanzania ina ugumu wa aina nyingi unaodanganya. Udongo mweusi wa mbuga wa Shinyanga na Simiyu, ukiukanyaga mwezi wa Septemba, ni mkavu kama tofali lililochomwa, lakini masika yakikolea udongo huo huo humeza gurudumu la lori. Mwanza, mtambo wa kuchoronga unaweza kugonga jabali la granaiti lenye unene wa mita mbili au tatu, ambalo chini yake kuna mita nyingine kadhaa za udongo uliotokana na kuoza kwa mwamba huo huo. Pwani nako tabaka gumu la matumbawe linaweza kukaa juu ya tundu tupu au juu ya mchanga uliolegea. Mwongozo huu unamlenga mhandisi kijana, fundi sanifu na msimamizi wa halmashauri anayepokea ripoti za washauri, na msimamo wake ni mmoja: uchunguzi haujakamilika mpaka ujue kilicho chini ya kitu kigumu cha kwanza ulichokutana nacho, na ujue ugumu huo utakuwaje maji yatakapofika.

Hatua ya kwanza: Soma ardhi kabla ya kuichimba

Kazi huanzia mezani. Pata ramani ya jiolojia ya eneo kutoka Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST) iliyoko Dodoma, ramani ya sura ya nchi ya kipimo cha 1:50,000, na picha za satelaiti za miaka tofauti. Picha za kiangazi na za masika ziwekwe pamoja, kwa sababu mkondo wa zamani wa mto, ambao leo ni shamba la mpunga, huonekana wazi katika picha za masika na kupotea katika zile za kiangazi. Ofisi za bodi za maji za mabonde huwa na kumbukumbu za visima vilivyochimbwa, na kumbukumbu hizo hutaja kina cha maji na aina ya tabaka zilizopitiwa. Hazikuandikwa kwa ajili ya misingi, hivyo usizitegemee kwa hesabu, lakini zitakuambia kama mwamba unatarajiwa katika mita 5 au katika mita 40, na jibu hilo pekee linaweza kubadilisha aina ya mtambo utakaoukodi.

Baada ya hapo tembea njia yote kwa miguu pamoja na mjiolojia. Tazama kingo za makorongo, mashimo ya kokoto, visima vya kienyeji na nyumba zilizopasuka kuta. Miti na mazao yanasema pia: migunga iliyosimama katika uwanda wa udongo mweusi, mafunjo mahali palipoonekana pakavu, dengu au pamba upande mmoja wa kijito na mihogo upande wa pili, yote ni mipaka ya udongo ambayo unaweza kuichora kwenye ramani kabla ya kuchimba shimo lolote. Zungumza na wazee wa kijiji kuhusu mafuriko: maji yalifika wapi, mwaka gani, na mto ulihama au haukuhama. Waombe wakuoneshe mti au ukuta ambao maji yaliufikia, kisha mpima ardhi achukue kimo cha alama hiyo siku hiyo hiyo.

Katika matembezi hayo hayo, serikali ya kijiji ijulishwe kuhusu mashimo yatakayochimbwa, na mwenye shamba akubaliane nanyi kuhusu fidia ya mazao kabla mtambo haujaingia.

Hatua ya pili: Andika maswali, kisha panga mashimo

Hadidu za rejea nyingi hutaja idadi ya mashimo bila kusema kila shimo linatafuta nini, na hapo ndipo fedha inapopotea. Andika maswali kwanza. Kwa upande wa barabara, maswali huwa ni haya: udongo wa asili utabeba nini ukiwa umelowa, mbuga inaanzia na kuishia wapi na ina kina gani, maji ya ardhini yako umbali gani chini ya uso, na kifusi na changarawe ya kutosha vitatoka wapi. Kwa daraja, unataka kujua tabaka la kubeba mzigo liko kina gani katika kila nguzo, mto unaweza kuchimba kitanda chake hadi wapi wakati wa mafuriko, ardhi itatitia kiasi gani, na kama maji au udongo una chumvi itakayokula zege na nondo.

Kwa barabara, shimo la mkono kila baada ya mita 500 ni mwanzo mzuri katika ardhi inayofanana, lakini usifungwe na umbali huo. Weka shimo pande zote mbili za kila mpaka wa udongo ulioutambua ulipotembea, mahali tuta litakapokuwa refu, na mahali kilima kitakapokatwa. Shimo lifike angalau mita 1.5 chini ya usawa ambapo barabara itakaa, na katika mbuga lishuke mpaka udongo mweusi uishe, au mpaka mita 3 ikiwa hauishi.

Kwa daraja, kanuni ninayoisimamia bila kuilegeza ni shimo la kuchoronga kwenye kila nguzo na kila ukuta wa kingoni. Shimo moja katikati ya mto halitoshi hata kwa daraja fupi, kwa kuwa mito mingi hupita kwenye ufa au kwenye mpaka wa miamba miwili, na kingo zake hazifanani. Kina cha shimo hutokana na upana wa msingi: chini ya msingi wa mraba, shinikizo la mzigo hubaki takriban asilimia 10 ya lile la juu unapofika kina cha mara mbili ya upana wake. Msingi wa upana wa mita 4 unadai kuchunguzwa angalau mita 8 chini ya kitako chake. Ikiwa msingi utakuwa wa nguzo zinazozamishwa ardhini, shimo lipite ncha ya nguzo kwa mita 5 au mara tatu ya kipenyo chake, kipi kikubwa.

Hatua ya tatu: Mashimo ya mkono na kipimo cha DCP kwenye njia ya barabara

Shimo la mkono ndilo chombo bora kuliko vyote katika barabara, kwa sababu unaingia na kuona. Shimo linalozidi mita 1.2 lisiingiwe bila kuegemezwa kuta zake kwa mbao au kupanuliwa kwa ngazi. Udongo mkavu huporomoka bila kutoa ishara. Safisha ukuta mmoja kwa panga, uuache ukauke kidogo, kisha andika kila tabaka kwa utaratibu uleule: kina, rangi, unyevu, ugumu, aina ya udongo, asili yake. Mwandishi anayeandika «udongo mwekundu» tu hajaandika kitu. Aandike kwamba ni udongo wa mfinyanzi wenye mchanga, mwekundu wa kahawia, wenye unyevu kidogo, mgumu, wenye mizizi hadi sentimita 40, uliotokana na kuoza kwa granaiti. Piga picha ukiwa umesimamisha kipimo cha mita ukutani na kibao chenye namba ya shimo.

Kando ya shimo, piga DCP, yaani fimbo yenye koni inayosukumwa ardhini kwa nyundo ili kupima ugumu wa udongo. Nyundo yake ina kilo 8 na huanguka milimita 575, ikisukuma koni ya kipenyo cha milimita 20 yenye pembe ya nyuzi 60. Koni ikizama milimita 10 kwa kila pigo, CBR ya papo hapo, yaani kipimo cha uwezo wa udongo kubeba mzigo, ni takriban asilimia 26. Ikizama milimita 50, ni takriban asilimia 5. Neno la kuzingatia hapo ni «papo hapo». DCP hupima ardhi jinsi ilivyo siku ile, kwa hiyo ukipiga katika mbuga ya Septemba utapata namba nzuri ambazo barabara haitaziona tena baada ya masika. Chukua sampuli ya unyevu kila mahali unapopiga, ifungwe katika mifuko miwili ya plastiki palepale, na uitumie DCP kutafuta mahali ardhi inapobadilika, huku maabara ikikupa nguvu ya kusanifia.

Mbuga inahitaji ukae nayo zaidi. Madini yake hunyonya maji na kuvimba, hupoteza maji na kusinyaa, na mzunguko huo hufanyika kila mwaka katika mita moja mbili za juu. Katikati ya barabara iliyofunikwa lami unyevu hutulia, lakini pembeni hubadilika kila msimu, na ndiyo maana barabara za maeneo hayo huanza kupasuka kwa ufa mrefu unaofuata ukingo. Mchunguzi apime upana na kina cha nyufa za kiangazi, achukue sampuli katika vina viwili au vitatu, na adai vipimo vya Atterberg (viwango vya unyevu ambapo udongo huanza kufinyangika na kugeuka tope), kusinyaa kwa mstari na kuvimba. Msanifu ataamua kama udongo huo utaondolewa na kujazwa kifusi kizuri, utafunikwa kwa tuta, au utachanganywa na chokaa, lakini hawezi kuamua vizuri kama hakuambiwa mbuga ina kina cha sentimita 60 au mita 4.

Kwa kila tabaka litakalobeba barabara, jaza mfuko wa kilo 50 hivi kwa ajili ya CBR. Mwongozo wa usanifu wa barabara wa Wizara ya Ujenzi wa mwaka 1999 hupanga udongo wa chini ya barabara katika makundi ya S3, S7 na S15, kufuatana na CBR isiyopungua asilimia 3, 7 na 15. Sampuli iliyolowekwa siku nne ndiyo ya kuaminiwa katika maeneo yenye mvua. Udongo ulioshindwa kufikia S3 usipewe kundi kwa kukadiria. Uandikwe kuwa unahitaji hatua maalumu.

Hatua ya nne: Kuchoronga mahali pa daraja

Hapa ndipo uchunguzi mwingi unapoharibika, na mara nyingi unaharibikia mikononi mwa mpiga mtambo anayelipwa kwa mita huku hakuna mjiolojia aliyesimama karibu naye. Mjiolojia awepo tangu asubuhi mtambo unapowashwa hadi unapozimwa.

Katika udongo, kipimo cha SPT, cha kuhesabu mapigo yanayosukuma bomba la sampuli chini ya shimo, hufanywa kila mita 1.5 na kila tabaka linapobadilika. Nyundo ya kilo 63.5 huanguka milimita 760, na bomba la sampuli husukumwa milimita 450 kwa hatua tatu za milimita 150. Mapigo ya hatua ya kwanza hayahesabiwi kwa kuwa chini ya shimo pamevurugwa. Ya pili na ya tatu yakijumlishwa ndiyo thamani ya N. Mapigo yakiwa 6, 9 na 11, N ni 20. Andika namba zote tatu, siyo jumla pekee, kwani 6, 9, 11 na 3, 4, 16 zina N ileile lakini zinasimulia ardhi mbili tofauti: ya pili imegusa kitu katika milimita za mwisho. Bomba lifunguliwe mbele yako. Ukikuta kokoto moja imeziba mdomo wake, N kubwa uliyoipata ni ya kokoto hiyo, siyo ya mchanga unaoizunguka.

Chini ya usawa wa maji ya ardhini, shimo lijazwe maji wakati wote, usawa wake ukiwa juu ya ule wa maji ya nje. Fimbo zikivutwa haraka na maji ya shimo yakishuka, mchanga hupanda kutoka chini, hulegea, na N inayopatikana inakuwa ndogo kuliko ukweli. Kosa hili huongeza gharama ya daraja bila mtu kujua kwa nini nguzo zimekuwa ndefu.

Katika udongo laini wa mfinyanzi, kama ule wa mabonde ya mito mikubwa na mikoko, SPT haina msaada mkubwa. Zamisha bomba jembamba kwa kulisukuma taratibu bila kulipiga, funga ncha zake kwa nta mara linapotoka, lisafirishwe likiwa wima na limesimamishwa juu ya godoro la povu au machujo ya mbao, na lifike maabara mapema. Sampuli hizo ndizo zitakazokuambia daraja na tuta lake vitatitia kiasi gani na kwa muda gani. Tuta la kuingilia darajani lisisahaulike: mara nyingi daraja lenyewe limesimama juu ya nguzo ndefu na halisogei, lakini tuta lililo juu ya tope linashuka, na gari linaruka kila linapoingia.

Ukifika kwenye mwamba, badili chombo na uanze kutoa viini, yaani vipande vya mwamba vya mviringo vinavyokatwa na mtambo. Kila mvuto wa mita 1.5, yaani urefu unaochorongwa kabla fimbo hazijavutwa juu, uwekwe kwenye kasha kwa mpangilio wake, kina kiandikwe kwenye vibao vya mbao mwanzo na mwisho, na kasha lipigwe picha likiwa limelowa. Kisha pima. Tuseme umepata vipande vya sentimita 34, 22, 8, 15, 6 na 27. Jumla ni 112, yaani mwamba uliopatikana ni asilimia 75 ya mvuto. Kwa RQD, kipimo cha ubora wa mwamba, unahesabu vile vya sentimita 10 au zaidi tu: 34, 22, 15 na 27, jumla 98, sawa na asilimia 65, mwamba wa kadiri. Mpasuko mpya, wenye uso mkavu unaong'aa usio na kutu wala udongo, umetokana na mtambo. Vipande viwili vilivyotenganishwa nao vihesabiwe kama kimoja. Sentimita 38 zilizokosekana zinahitaji maelezo kuliko zile zilizopatikana. Zilikuwa udongo uliosombwa na maji, tundu, au kiini kilisagwa na mpiga mtambo mwenye haraka? Jibu limo katika daftari la shimo, kama uliandika wakati fimbo ziliposhuka ghafla, maji ya kurudi yalipobadilika rangi, au yalipoacha kurudi kabisa.

Katika nchi ya granaiti, usitangaze kwamba umefika mwambani mpaka utoe angalau mita 3 za kiini kizima mfululizo, na mimi hudai mita 5 mahali ambapo majabali ya mviringo yanaonekana juu ya ardhi jirani. Granaiti huoza kuanzia kwenye nyufa zake kuelekea ndani, na kinachobaki katikati ni mabonge magumu yaliyozungukwa na udongo. Dalili yake ni kiini kizuri cha mita moja, halafu mwamba wa kahawia uliooza, halafu kizuri tena. Ukiona hivyo, ongeza shimo la pili kwenye kona nyingine ya msingi huo huo, hata kama fedha ya ziada itabidi iombwe upya. Katika matumbawe na mawe ya chokaa, swali ni mapango: kila fimbo iliyoshuka bila kuzungushwa iandikwe kwa sentimita.

Mawimbi ya mtetemo na upinzani wa umeme husaidia kuunganisha shimo na shimo. Hata hivyo, mawimbi ya mtetemo yanayopinda hayaoni tabaka laini lililofichwa chini ya tabaka gumu, kwa hiyo hayawezi kuwa mbadala wa kuchoronga pale ambapo hofu yako ni hiyo hasa.

Hatua ya tano: Maji

Pima maji shimoni yalipokutwa, na tena baada ya saa 24. Kisha acha bomba lenye matundu katika shimo moja angalau kila upande wa mto, lipimwe kwa mwaka mzima. Sampuli za maji na udongo zipimwe salfeti, kloridi na uchachu, hasa pwani na katika mabonde yenye magadi.

Kitanda cha mto kinadai uchunguzi wa peke yake. Mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya mwezi Mei 2024 zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga, na kila tukio la namna hiyo linatukumbusha kwamba maji huanza kwa kuondoa udongo unaolizunguka daraja au kalavati. Chukua sampuli za mchanga wa kitanda katika kina mbalimbali, zichekechwe, ili mtaalamu wa mito apate ukubwa wa punje za kuhesabia mchimbiko. Tafuta shimoni tabaka la mchanga safi uliolegea lenye majani yaliyooza au vipande vya miti: huo ni mchanga uliowahi kusombwa na kurudishwa, na kina chake kinakuonesha mto ulikwishafika wapi. Msingi mpana usikae juu yake, hata N yake iwe nzuri.

Majivu ya volkano katika Bonde la Ufa yana tabia yake: yakiwa makavu husimama wima katika kuta za korongo, yakilowa huyeyuka. Machi 2018, barabara ya Mai Mahiu–Narok nchini Kenya ilikatwa na ufa mpana karibu na Suswa baada ya mvua kubwa. Wanajiolojia walitofautiana kuhusu mchango wa msogeo wa bonde lenyewe, lakini nafasi ya maji katika kuyasomba majivu hayo ilionekana wazi. Ukipita ardhi kama hiyo, tafuta mashimo ya kumeza maji na mistari iliyodidimia, na upime sampuli kama itaporomoka ikilowekwa chini ya mzigo.

Hatua ya sita: Maabara na ripoti

Orodha ya vipimo iandikwe na mhandisi aliyeziona sampuli. Peleka kwa kipimo cha nguvu ya mwamba vipande dhaifu pamoja na vizuri, kwa kuwa vipande vizuri peke yake ndivyo vinavyovumilia kukatwa na msumeno, na matokeo yao huupamba mwamba mzima. Udongo mweusi usikaushwe kwenye tanuri kabla ya vipimo vya Atterberg.

Ripoti itenganishe mambo mawili: sehemu ya ukweli, yenye daftari za mashimo, picha na matokeo, na sehemu ya tafsiri, yenye mchoro wa tabaka na mapendekezo. Mstari unaounganisha mashimo mawili kwenye mchoro ni dhana, basi uchorwe kwa nukta. Kila shimo liwe na viwianishi na kimo kilichopimwa na mpima ardhi, na tarehe ya kuchimbwa ioneshwe, kwa sababu msomaji lazima ajue kama ardhi ilionwa kiangazi au masika. Kwa Kagera na maeneo ya Bonde la Ufa, ripoti izungumzie pia tetemeko. Lile la tarehe 10 Septemba 2016 karibu na Bukoba lilikuwa na ukubwa wa 5.9, na mchanga uliolegea wenye maji unaweza kupoteza nguvu yake ukitikiswa.

Hatua ya saba: Wakati wa ujenzi

Mchunguzi arudi pale msingi unapofunguliwa. Kabla ya zege kumwagwa, ashuke chini na nakala ya daftari la shimo, alinganishe tabaka anazoziona na alizoziandika, apige DCP katika kona nne na katikati, au agonge mwamba kwa nyundo na kuchoronga matundu membamba ya mita 3 penye shaka ya bonge au pango. Tofauti yoyote iandikwe na kutiwa saini siku hiyo. Makasha ya viini yatunzwe chini ya paa mpaka daraja likabidhiwe na muda wa matazamio uishe, na nakala ya ripoti ibaki mkoani, mahali ambapo atakayekuja kupanua barabara hiyo au kujenga daraja la pili kando yake ataipata bila kulazimika kuchoronga upya.